SHAHADA KWA NJIA YA INTANETI: NI ELIMU KAMILI?

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wenzangu niliosoma nao huniuliza kila tukutanapo. Mimi ni mhudumu wa afya katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, na nasomea shahada ya pili ya afya ya jamii kwa njia ya intaneti. Wengine hunicheka. Husema, "Chuo kisicho na darasa ni chuo gani hicho?"

Kwanza, jambo hili si geni. Chuo Kikuu cha London kiliwafungulia watu wa mbali mitihani yake mwaka 1858. Wazee wetu nao walisoma kwa posta. Barua zilikawia majuma kadha wa kadha, wala hakuna aliyewadharau. Katika kambi za Dadaab, Kenya, mradi wa vyuo vikuu vya Kenya na Kanada ulioanza mwaka 2013 umewawezesha wakimbizi kupata shahada pasipo kuhama.

Pili, Nakivale yenyewe ni darasa. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko. Usiku mmoja nilisoma habari za Daktari John Snow, ambaye mwaka 1854 alitia alama katika ramani ya London kila nyumba iliyofiwa kwa kipindupindu, akaona kwamba nyingi zilizunguka pampu moja ya maji. Asubuhi nilichukua daftari nikaenda kwenye bomba la kijiji chetu. Nikawakuta akina mama katika foleni ndefu. Mmoja akaniambia, "Mwanangu, tukichoka kungoja twaenda kuchota ziwani." Basi nikajua kwa nini watoto wa upande ule huharisha kuliko wengine. Kama ningalikuwa mbali, ningaliishia kusoma habari za London tu.

Tena niliwahi kupata nafasi ya kwenda kusoma Kampala. Mama yangu alitaka sana niende. Lakini zahanati yetu ingalibaki na mtu mmoja, nami sikuona njia ya kujifunza afya ya watu kwa kuwaacha watu wenyewe.

Hata hivyo, sisemi kwamba njia hii ni tambarare. Siku za mawingu betri ya sola haijai, na bando humeza posho. Mara moja mtandao ulikatika katikati ya mtihani, nikaurudia baada ya miezi mitatu. Tangu hapo, kila mtihani naufanyia Mbarara, nikilala kwa shangazi. Huko nawaona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, wakibishana na mwalimu wao njiani, na nakiri kwamba nawaonea wivu. Kwa sababu hiyo sisi wanne tunaosoma hivi hukutana kila Jumapili jioni tukasahihishana.

Tena jihadharini na vyuo vya uongo. Rafiki yangu mmoja alilipa karo ya miaka miwili, akapata karatasi nzuri ya rangi, na kila mwajiri akaikataa. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, ulizeni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada hiyo inatambuliwa.

Ndugu wanafunzi, nanyi mliokwisha kumaliza, mawazo yangu ni haya: elimu hii ni kamili kwa yule aliye kazini kati ya watu, mwenye wenzake wa kumkosoa. Kwa atafutaye cheo tu, haifai, iwe ya intaneti au ya darasani. Shahada iliyotundikwa ukutani haizuii mtoto kuharisha.