Dogo wa Izia na Chenji ya Rada

Wiki hii nipo Sumbawanga, mitaa ya Izia, ambako baridi ya asubuhi inakung'ata mpaka kwenye kucha. Dawa yake ni chai ya moto kwa mama ntilie. Nimejikalia zangu kwenye benchi, mara akaingia dogo mmoja wa shule ya msingi, kaptula ya bluu, shati jeupe, mkononi noti ya elfu mbili. Akanunua maandazi ya mia tano.

"Chenji sina mwanangu, pitia baadaye," mama akamwambia.

Dogo hakusogea. "Mama kasema nisirudi bila chenji."

Hakupiga kelele wala hakununa. Kasimama tu. Mwisho mama akafungua pindo la khanga, ikatoka noti ya elfu na sarafu ya mia tano. Dogo akahesabu, akasema asante, huyoo, mbio kuwahi namba.

Nilicheka, lakini nikakumbuka chenji nyingine, ile iliyotikisa nchi: chenji ya rada. Wadogo zangu mliokuwa bado chekechea, sogeeni niwape stori.

Serikali yetu ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa paundi kama milioni 28. Huko huko Uingereza waziri wao wa misaada, mama Clare Short, aliipinga, akisema nchi maskini inauziwa mzigo ghali. Tony Blair akapitisha, Desemba 2001. Baadaye wachunguzi wakakuta kumbe kuna dola kama milioni 12 zilikwenda kwa dalali. Dalali wa nyumba akikata hivyo si mtampiga mawe?

Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, alijiuzulu uwaziri baada ya habari za zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti ya kisiwa cha Jersey. Akaziita "vijisenti", na neno likaingia mtaani. Alikana kwamba zinahusiana na rada, na hakushitakiwa kwa hilo. Desemba 2010 BAE ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu sawasawa. Faini paundi 500,000, na paundi milioni 29.5 kwa Watanzania.

Hapo ndipo ikaanza ile ya "pitia baadaye". Kampuni ikataka kuzigawa yenyewe kwa njia zake. Juni 2011 wabunge wetu wanne wakapanda ndege kwenda London: Job Ndugai (sasa marehemu), John Cheyo, Mussa Azzan Zungu na Angellah Kairuki. CCM na upinzani kwenye msafara mmoja! Wakasema hela ni ya Watanzania, ipitie serikalini, inunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Kwa kifupi, mama kasema tusirudi bila chenji. Mwaka 2012 ikalipwa, shilingi bilioni 72 na ushee.

Mpo hapo? Kudai kunalipa. Ila chenji ukiipokea uigeuze mbele na nyuma, isije ikawa noti ya bandia. Mwanzoni mwa 2013 mbunge mwingine, James Mbatia, alisimama Dodoma kulalamikia udhaifu wa elimu, na mwaka huo huo akaanika vitabu vya shule vyenye makosa. Kamati iliyokuwa ikipitisha vitabu hivyo, EMAC, ikavunjwa. Februari hiyo hiyo ya 2013, matokeo ya kidato cha nne yalitoka na sifuri zaidi ya 240,000, mpaka yakafutwa na kupangwa upya. Kwa hiyo hela inaweza kutoka, kitabu kikaja, na mtoto bado akatoka mtupu.

Sasa turudi Izia. Mtu wa Dar akisikia Sumbawanga anawaza uchawi tu, wakati maana yenyewe ya jina ni "tupa uchawi". Uchawi ninaouogopa mimi ni wa hela ya shule kupaa bila ungo.

Tangu elimu bila ada ianze 2016, hesabu iliyopangwa ilikuwa shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka: 6,000 ziende shuleni, 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 800, hiyo ni milioni 4.8 kwa mwaka, au laki nne kwa mwezi. Chaki, mitihani, kitasa kilichovunjika, vyote humo humo. Ni hela ndogo. Na kwa sababu ni ndogo, ikichotwa hata laki moja, darasa zima linaijua.

Wewe kijana, unajua bei ya kila simu mpya na msimamo wa ligi mpaka timu ya mwisho. Mdogo wako shuleni kwao ziliingia ngapi? Mkutano wa wazazi wakiitisha, unamwachia bibi aende peke yake. Nenda naye. Uliza kwa heshima, shikamoo mwalimu kwanza, halafu omba kuona mapato na matumizi. Wakikwambia pitia baadaye, simama pale pale kama yule dogo.

Mimi namalizia chai. Na chenji yangu naingoja. Tuonane wiki ijayo!