Acheni Kumtumia Tony Miles Kama Kisingizio

Kuna hoja inayozunguka sana kwenye mijadala yetu ya fasihi, na mimi nimeichoka. Mtu anatundika shairi lisilo na vina, lisilo na mizani, na (hapa ndipo tatizo lilipo) lisilo na taswira wala wazo. Akiulizwa, anajibu kwamba kanuni ni minyororo ya wazee, na kwamba hata kwenye sataranji kuna Mwingereza aliyempiga bingwa wa dunia kwa hatua ya kipuuzi. Basi, mjadala umefungwa. Watu wanapiga makofi.

Haya, tuufungue tena. Hebu tuutazame huo mchezo wenyewe, maana naona wengi wanaoutaja hawajawahi kuufuata hadi mwisho.

Ilikuwa Skara, Sweden, mwaka 1980, kwenye mashindano ya timu za Ulaya. Anatoly Karpov, bingwa wa dunia tangu 1975, alicheza na kete nyeupe. Akasogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili, kama ilivyo desturi. Tony Miles akajibu kwa kusogeza askari wa pembeni kabisa, upande wa malkia, nyumba moja tu. Hatua ya mtoto anayejifunza. Karpov akaweka askari wa pili katikati. Miles akamsukuma jirani wa yule wa pembeni nyumba mbili. Vitabu vyote vinafundisha kwamba mwanzo wa mchezo ni vita ya kugombea katikati ya ubao, na huyu bwana anahangaika pembeni! Baada ya hatua 46, Karpov alikuwa ameshindwa.

Hapo ndipo wasimulizi wetu wanapoishia. Mimi nauliza: kati ya hatua ya 2 na ya 46 kulitokea nini?

Hatua ya tatu, Miles alimweka askofu wake kwenye mshazari mrefu, akimlenga askari wa Karpov aliye katikati. Ya nne, akatoa farasi kumshambulia askari yuleyule. Ya sita, akasukuma askari mwingine kuivunja ile ngome ya katikati. Mnaona? Mtu anayesemwa kaitupa kanuni alikuwa anaitumikia kanuni ileile, ila kwa njia ya mzunguko. Kile alichokivunja ni mazoea. Baadaye Karpov alijaribu kumvamia mfalme mweusi kwa farasi na askofu, uvamizi ukakosa nguvu, na malkia wa Miles akapita akila askari wawili, mmoja baada ya mwingine. Ushindi ulitoka huko. Ile hatua ya kwanza haikumshinda mtu.

Na Miles hakuwa mpita njia. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1974 na grandmasta tangu 1976. Mtu wa namna hiyo akikuchezea hatua ya ajabu, jua kwamba anafahamu anachokipoteza: anakupa muda na nafasi katikati, na kwa malipo anakutoa kwenye njia uliyoikariri. Ni biashara. Tena ni biashara ya mara moja moja, kwa sababu mshangao ukishazoeleka haushangazi tena. Ndiyo maana wakubwa wa mchezo huo hawajaufanya ufunguzi huu chakula cha kila siku. Kompyuta nazo zinasema Weupe wanapata nafasi bora zaidi. Si maangamizi, lakini ni deni, na deni hulipwa kwa kazi.

Kama mnapenda visa, kwa nini hamtaji cha Savielly Tartakower? New York, 1924: alikwenda kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, akadai eti orangutani jike aitwaye Susan ndiye aliyemshauri, kisha akaanza mchezo dhidi ya Géza Maróczy kwa kumsukuma askari wa pili kutoka pembeni, nyumba mbili. Kisa kitamu, na ufunguzi ule unaitwa kwa jina la mnyama yule hadi leo. Tartakower alipoteza mchezo. Lakini kuweni waadilifu: alitoka kwenye ufunguzi akiwa na hali nzuri tu; aliharibikiwa baadaye. Kwa hiyo ushindi wa Miles hauthibitishi kwamba hatua ya ajabu ni nzuri, wala kushindwa kwa Tartakower hakuthibitishi kwamba ni mbaya. Hukumu iko kwenye hatua zinazofuata.

Sasa nirudi nyumbani. Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wapo walioapa kwamba ule si ushairi. Nao nawalaumu. Walihesabu mizani, wakakuta haipo, wakafunga kitabu. Huko ni kumcheka Miles kwenye hatua ya kwanza na kuondoka ukumbini. Laiti wangeendelea kusoma, wangekuta mtu aliyeacha vina akijua atahitaji kitu kingine cha kubeba uzito: taswira, mapumziko ya mstari, fikra inayouma. Alikuwa na deni, akalilipa.

Wanaojiita warithi wake leo wanataka mkopo bila malipo. Hawataki arudhi, sawa. Lakini hawataki pia kuhariri, hawataki kusoma waliowatangulia, hawataki hata kuulizwa kwa nini mstari umekatwa pale ulipokatwa. Halafu ukiwakosoa, wewe ni mhafidhina! Jamani. Muyaka alijua kanuni, na Kezilahabi alijua kanuni. Ninyi mnavunja kitu gani, kama hamjawahi kukishika mkononi?

Kinachoniuma ni kwamba wanaoumia ni vijana wenye kipaji. Wanaambiwa ujasiri unatosha, wanasifiwa kwa hatua ya kwanza, na hakuna anayekaa nao kuwaonyesha hatua ya sita. Miaka inapita, wanabaki na mianzo mia na shairi hata moja lililokamilika hawana.

Kwa hiyo mtu akija tena na hoja ya Miles, msimpigie makofi. Mleteeni ubao, kisha mwombeni awaonyeshe yule askofu wa hatua ya tatu alikuwa anamlenga nani.