Chenga Katika Picha ya Mtoto

Mama mmoja wa huku Jozani, mwenye mimba ya miezi mitano, alirudi kutoka kipimo cha ultrasaundi mjini akiwa na majonzi. Picha yake ilijaa chenga, na jirani alikwisha mwambia kwamba mtoto mwenye afya huonekana waziwazi. Akaanza kutafuta fedha za kupimwa tena kwenye mashine mpya zaidi. Hofu hiyo si yake peke yake, kwa hiyo tuizungumze.

Mashine ile haipigi picha kama kamera, wala haitumii eksirei. Hutoa sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu, yenye mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, kisha husikiliza mwangwi unaorudi. Popo wadogo wanaowinda wadudu usiku, na pomboo wa Kizimkazi, Muumba amewapa kipawa hichohicho. Dk. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walipotangaza picha zao mwaka 1958, zilikuwa hafifu sana kuliko za leo.

Chenga zinatoka wapi? Nyama ya mwili ina chembe nyingi ndogo mno, na kila moja hurudisha mwangwi wake. Miangwi hiyo ikikutana, mingine huongezana nguvu, pakang'aa. Mingine humezana, pakawa peusi. Basi chenga ni tabia ya sauti, si ugonjwa wa mtoto. Unene wa mama na jinsi mtoto alivyolala navyo hufifisha picha.

Mwangwi wa kutoka ndani zaidi hufika umechoka, na mashine huupaza. Mashine nyingi za sasa humtazama mtoto kwa pembe kadhaa na kuunganisha picha hizo: mtoto yupo palepale katika zote, lakini chenga hubadilika, hivyo hufifia. Kisha mashine huchuja. Hapa tutulie kidogo. Kuchuja ni kama kupeta mchele kwenye ungo. Ukipeta kwa pupa, mchele nao humwagika. Picha ikilainishwa mno, kitu kidogo cha kweli chaweza kufutika. Hata kivuli kina kazi: kijiwe cha kwenye kifuko cha nyongo hutambulikana kwa kivuli cheusi nyuma yake, na mashine ikikififisha, daktari hupoteza dalili. Ndiyo maana mpimaji mzoefu mara nyingine huuzima urembo huo.

Kwa hiyo, dada, usiulize kama picha ni nzuri. Uliza: Moyo unapiga? Wako wangapi? Mimba ina wiki ngapi? Kondo limekaa wapi? Mara nyingi majibu hayo hupatikana hata penye chenga. Mpimaji akisema hakuona sehemu fulani, rudi siku aliyokupangia. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kimoja kabla ya wiki 24, kwani umri wa mimba hukadiriwa vyema mapema. Lakini ukitokwa na damu, ukiumwa sana kichwa, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama picha ya wiki iliyopita ilikuwa safi.

Na ile karatasi ya picha, msiipeleke kupigwa laminesheni. Huchapwa kwa joto, na joto la mashine ile huigeuza nyeusi tititi.