Mfanyakazi Aliyeigiza Shida Yake

Ndugu wasomaji, Jumapili ya leo nakusudia tuzungumze juu ya sinema. Lakini naomba mniruhusu nianze na baiskeli.

Jirani yangu mmoja hapa Nyasho, mjini Musoma, ambaye jina lake nalihifadhi kwa heshima yake, ni mchuuzi wa dagaa. Kwa miaka mingi amekuwa akiamka alfajiri, akienda Mwigobero kupokea mzigo wake, kisha akipanda baiskeli na kushika njia ya Butiama, akiuza kidogo kidogo katika vijiji vya njiani. Baiskeli hiyo, aina ya Phoenix, ndiyo iliyonunua sare na madaftari ya watoto wake wote. Mwezi uliopita iliibwa mchana kweupe, alipoingia dukani kununua chumvi. Watu wakamshauri akatazame gulioni Bunda, kwa kuwa mali ya wizi aghalabu haiuzwi pale ilipoibiwa. Akapanda basi pamoja na mwanawe wa miaka tisa, wakazunguka kutwa nzima. Hawakuiona. Tangu waliporudi, baba alikuwa mtu wa kunyamaza, na mtoto naye akanyamaza.

Ikawa jioni moja mjukuu wangu, ambaye yuko chuoni, akaja na sinema ya Kiitalia katika simu yake. Sinema ya zamani, isiyo na rangi. Aliponieleza habari yake, nilimwita jirani aje na mwanawe, tukakaa barazani kuitazama, mjukuu akitufasiria maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya picha. Sinema hiyo ni *Ladri di biciclette*, maana yake wezi wa baiskeli, iliyotengenezwa na Vittorio De Sica mwaka 1948.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Roma, baada ya Vita Kuu ya Pili, mtu mmoja asiye na kazi, Antonio, anapata kibarua cha kubandika matangazo ukutani, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Yake ameiweka rehani. Mkewe, Maria, anatandua mashuka ya kitanda na kuyapeleka rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi, akiwa juu ya ngazi, mwizi anaikwapua. Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanaitafuta mji mzima, sokoni, kanisani na mitaani, wala hawaipati. Mwishoni, baba yule mwaminifu anaiona baiskeli ya mtu imeegemezwa penye mlango, haina mwangalizi. Anamwambia mtoto atangulie nyumbani, kisha anaichukua. Anakamatwa, anapigwa vibao mbele ya mwanawe, ambaye hakuwahi kuondoka. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto anavyolia, anaamua kumsamehe baba. Wawili wale wanaondoka kwa miguu, na mtoto anaushika mkono wa baba yake.

Ilipokwisha, jirani yangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza: “Mzee, huyu mtu ni mwigizaji kweli? Mbona anaijua njaa?”

Ndugu wasomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wazee wetu waliokuwa katika jeshi la KAR walikuwa wakitusimulia jinsi walivyopigana na majeshi ya Italia huko Somalia na Ethiopia mwaka 1941, na jinsi maelfu ya mateka wa Kiitalia walivyoletwa Afrika Mashariki. Kwa wazee hao, Mwitalia alikuwa askari wa dikteta Mussolini, aliyekuja kuitawala nchi ya Waafrika. Lakini nyuma ya dikteta yule walikuwako watu wa kawaida, na vita viliwaachia magofu. Italia ilisalimu amri Septemba 1943, ikageuka uwanja wa mapigano ya wengine. Hata majumba makubwa ya kutengenezea sinema, Cinecittà, mjini Roma, yakawa kambi ya wakimbizi.

Watengenezaji wa sinema wa nchi ile, kwa kukosa majumba na fedha, na zaidi kwa kuchoka na uongo wa miaka ya udikteta, wakatoka nje. Wakapiga picha barabarani, katika vyumba halisi vya maskini, tena mara nyingi kwa watu wasiowahi kuigiza. Mwaka 1945 Roberto Rossellini alionyesha *Roma città aperta*, juu ya mji wa Roma uliokaliwa na Wajerumani. Humo mama Anna Magnani, aliyekuwa na uzoefu wa jukwaani kabla ya hapo, anaigiza mwanamke anayelikimbilia lori lililombeba mchumba wake, na kupigwa risasi mbele ya macho ya mwanawe. Hakuwa na urembo wa wale wanawake waliokuwa wakipambwa na Hollywood. Alionekana kama mama yeyote aliyesimama katika foleni ya mkate. Hata hivyo, Wamarekani wenyewe walimpa tuzo yao ya Oscar mwaka 1956, kwa sinema aliyoicheza kwao.

Sasa nirudi kwa swali la jirani yangu. La hasha, yule Antonio hakuwa mwigizaji. Jina lake ni Lamberto Maggiorani, na alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha Breda, mjini Roma. Wala hakutafuta kuigiza yeye mwenyewe. De Sica alikuwa akitafuta mtoto wa kuigiza Bruno, na Maggiorani alikuwa na mwana. Mtoto akaachwa, baba akachukuliwa. Aliyempata Bruno wake mtaani ni De Sica huyo huyo. Jina la mtoto huyo ni Enzo Staiola, na ukubwani alikuwa mwalimu wa hesabu. Tajiri mmoja wa Kimarekani alikuwa tayari kutoa fedha ikiwa Antonio angeigizwa na Cary Grant, nyota mwenye suti safi. De Sica alikataa. Alitaka mtu ambaye mikono yake imeshika kazi, na mwendo wake ni wa mtu anayerudi nyumbani jioni bila kitu.

Sinema hiyo ilipata sifa ya dunia nzima. Mwaka 1950 ilipewa tuzo maalumu ya Oscar. Mwaka 1952 jarida la Uingereza, *Sight and Sound*, liliwauliza wahakiki ni sinema gani iliyo bora kuliko zote, nao wakaiweka hii ya kwanza. Je, Maggiorani alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa amerudi kiwandani, na kiwanda kikampunguza kazini. Husemwa kwamba walidhani amekwisha kuwa tajiri kwa sababu ya sinema, kumbe malipo yenyewe hayakuwa ya kumfikisha mbali. Alifanya kazi ya uashi, akabisha hodi tena kwa watu wa sinema, akapewa sehemu ndogo ndogo tu, mathalani katika *Mamma Roma* ya Pasolini, mwaka 1962. Alifariki mwaka 1983. Mtu aliyeigiza shida ya kukosa kazi, akasifiwa, kisha akaishi shida ile ile bila kamera kumtazama! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wengi wa wenzake pia walitoka nje ya fani. Katika mwaka huo huo wa 1948, Luchino Visconti alikwenda Aci Trezza, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Sicilia, akatengeneza *La terra trema*. Waigizaji wote walikuwa wavuvi na jamaa zao, wakisema lugha ya kwao, ambayo hata Waitalia wa bara hawakuielewa vema, ikabidi pawekwe msimulizi. Ndugu wa Mwigobero, Makoko na visiwani, sinema hiyo mngeitazama mkadhani ni yenu. Mashua zinarudi alfajiri baada ya kuvua kwa taa usiku kucha, kama mashua zetu za dagaa. Pwani wamesimama wachuuzi wa jumla, wenye mizani yao na bei yao. Kijana mmoja, ’Ntoni, anaitupa mizani baharini kwa hasira. Familia yake inaweka nyumba rehani ili ijitegemee, dhoruba inavunja chombo chao, na mwishoni kijana anarudi kwa matajiri wale wale kuomba kazi, huku wakimcheka. Kosa lake halikuwa ujasiri. Alikwenda peke yake, wenzake wakibaki kumtazama. Fimbo ya mnyonge ni umoja.

Sisi nasi tulikuwa na sinema katika miaka hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ya Tanganyika, ikishirikiana na kampuni moja ya Afrika Kusini, ilitengeneza sinema za Kiswahili kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Mojawapo ni *Muhogo Mchungu*. Mwigizaji wake mkuu hakuwa nyota wa kuletwa kutoka ng’ambo. Alikuwa mtumishi wa serikali katika idara ya ustawi wa jamii, na jina lake ni Rashidi Mfaume Kawawa.

Naam, ndiye yule yule. Wajukuu zetu wanalijua jina hilo kwa barabara na shule, wala hawajui kwamba kabla ya siasa, uso wake ulikuwa ukionyeshwa juu ya shuka jeupe. Lakini angalieni tofauti. Kawawa hakukaa kungoja watengenezaji wa sinema wamwite tena. Alijiunga na harakati za watumishi wenzake, na Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika lilipoundwa mwaka 1955, yeye alikuwa katibu mkuu wake. Januari 1962, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, aliyekabidhiwa nafasi ile ni Kawawa. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, taifa zima likimwombolezea.

Sisemi kwamba Maggiorani alishindwa kwa uzembe. Nasema kwamba mmoja alikuwa na wenzake nyuma yake, na mwingine aliachwa peke yake, akiwa na sifa ambayo haiingii sufuriani. Watu walikilia kisa cha Antonio katika majumba ya sinema, kisha mtu mwenye uso ule alipotafuta kazi hakupata wa kumsaidia. Huruma ya gizani, mbele ya picha, ni rahisi. Huruma ya mchana, mbele ya jirani, ndiyo yenye gharama.

Nawaambia haya kwa sababu. Siku hizi vijana wetu wa Musoma na Bunda wanapiga picha zao wenyewe kwa simu na kamera ndogo, na wanafanya vema, kwani shida zetu na furaha zetu tuzisimulie wenyewe. Aghalabu humchukua mama muuza samaki, au mzee fundi viatu, aigize sehemu yake. Wanangu, uso wa mtu si mali ya bure. Mlipeni siku ile ile. Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja, naye awekewe nakala. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, wala haibagui kati ya nyota na mvuvi. Na kazi ikiisha kusifiwa, mkumbukeni aliyewaazima uso wake.

Kwa wazazi ninalo neno jingine, na hapo narudi barazani kwangu.

Jioni ile, baada ya kumweleza jirani yangu habari za Maggiorani, aliinamisha kichwa akasema: “Mzee, nami kule Bunda nilishika usukani wa baiskeli ya mtu. Ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilisimama nayo, sijui kwa muda gani.” Alisema hivyo mwanawe akiwa papo hapo, na nilidhani mtoto ataona haya. Mtoto alimtazama, akajibu taratibu: “Lakini hukuichukua, baba. Nilikuwa nakuona.”

Ndugu wasomaji, wiki nzima wawili wale walikuwa wamebeba siri moja, kila mmoja akidhani anamfichia mwenzake. Sisi wazazi hudhani kwamba watoto wetu wanatuheshimu kwa sababu hawajui udhaifu wetu. Kumbe wanaujua, wamekwisha kuuona, na bado wanatushika mkono. Mtoto anaumizwa zaidi na ukimya unaofuata aibu kuliko aibu yenyewe. Basi mzazi aliyepungukiwa, aliyepunguzwa kazini, au aliyejaribiwa kama jirani yangu, na aseme na watu wa nyumba yake. Atashangaa kuona jinsi walivyokuwa wakimngoja.

Baiskeli haijapatikana. Majirani wa mtaa wetu tumeanza mchango, na hadi ninapoandika haya tumefikia nusu ya bei ya iliyokwisha kutumika. Mtoto naye ameleta sarafu zake ndani ya kopo la maziwa, nasi tumezipokea na kuziandika katika daftari kama za mchangaji mwingine yeyote.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.