Gari Haliachi Njia Lenyewe

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika vyumba vya habari na katika kila hadithi fupi ninayoletewa niisome: "Gari liliacha njia na kupinduka." Hebu isome tena. Nani katenda? Gari. Eti limechoka na lami, likaamua kwenda zake porini. Dereva hayumo. Tairi halimo. Mwendo haumo. Sarufi imeshamsamehe kila mtu kabla hata trafiki hajafika.

Na hakuna gari linalobebeshwa mzigo huu kama Toyota Mark X. Vijiweni hukumu imeshatoka: hilo ni jeneza, mvua ikinyesha kaa nalo mbali. Mimi ninaliendesha, lenye injini ya V6 ya lita 2.5, na njia yangu ni Makambako kwenda Njombe, ambako Juni na Julai baridi inauma na ukungu unalala barabarani. Sio jeneza, jamani. Ni gari lenye tabia, na tabia yake inaelezeka.

Injini iko mbele, nguvu inapelekwa magurudumu ya nyuma. Ya mbele yanakata kona, ya nyuma yanasukuma. Lami ikiwa kavu, hapo ndipo raha ilipo. Lami ikilowa, mshiko unapungua, na ukikanyaga mafuta kwa pupa katikati ya kona unalidai tairi la nyuma kazi mbili kwa mshahara wa moja: lishike kona na lisukume gari. Linashindwa, mkia unatoka. Wengi hapo huruka kwenye breki. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inazidi kuwa nyepesi, gari linazunguka kama pia. Dawa inajulikana. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Mguu uwe mwepesi. Mkia ukitoka, achia mafuta taratibu, geuza usukani kuelekea upande ule ule unakokwenda mkia, macho yatazame unakotaka kufika.

Kama gari la kusukumwa nyuma lingekuwa jeneza kwa kuzaliwa, Wajerumani wangekuwa wameisha. BMW ya Munich imeunda sedani za aina hiyo kwa miongo mingi, na kule huanguka theluji. Hawakulilaani gari, walishughulikia tairi. Tangu 2010 sheria yao inataka waziwazi tairi za majira ya baridi barabara ikiwa na theluji au barafu, maana mpira wa tairi za kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi.

Atatokea mjuzi aseme, "Basi nunua la magurudumu manne." Sawa, litakusaidia kuondoka kwenye tope. Kusimama je? Kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne, na ukitoka mwendo wa 50 kwenda 100, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Hesabu hiyo haiulizi nguvu inakwenda gurudumu lipi.

Sisi tunaulizana nini? Rangi, rimu, muziki. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazotaja siku zake za kuzaliwa: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Mtu anayejua tarehe ya kila mechi ya Simba na Yanga hazijui hizo nne zinazobeba watoto wake. Kashata za tairi kazi yake ni kuyatoa maji pembeni. Tairi kipara halina pa kuyapeleka, linapanda juu yake na kuelea, na ukishaelea usukani ni pambo tu.

Nimekaa msiba wa mdogo wake rafiki yangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyefia kwenye kona wakati wa mvua. Siku tatu tulisikia "gari lile baya" na "ajali haina kinga." Tairi za nyuma zilikuwa laini kama kiganja, na picha zake kila mtu alikuwa nazo kwenye simu. Hakuna aliyezitaja. Wiki chache baadaye binamu yake alinunua tairi za mtumba dukani kwa yule yule.

Najua pingamizi lake: unamsimanga marehemu, na barabara zetu je? Maji yanatuama, mifereji imeziba, mishahara haitoshi tairi mpya. Kweli tupu. Lakini sentensi ile inawaficha hao pia! Inamficha muuza tairi, inamficha mkandarasi, inamficha bosi anayetaka uwe Njombe kabla ya saa mbili. Ukisema gari limeacha njia, hakuna wa kumuuliza chochote.

Wazee waliotuachia "ajali haina kinga" walituachia pia "usipoziba ufa utajenga ukuta." Tumechagua ile inayotupumzisha.

Kwa hiyo mwandishi, ukiniletea hadithi yenye ajali, niandikie mtendaji. Andika: aliingia kona kwa kasi, barabara imelowa, tairi zina vipara, na mtu fulani alimuuzia akijua. Itakuwa sentensi ndefu na haitampendeza mtu msibani. Lakini binamu akiisoma, huenda akainama aangalie tairi zake.