Siyu na somo la mgeni na mwenyeji

MWAKA 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya jemadari wa bahari Zheng He, kisiwa cha Pate kiligeuka ghafla kuwa habari ya kimataifa. Msichana mmoja wa visiwa vya Lamu, ambaye jamaa zake husimulia kuwa wana asili ya mabaharia wa Kichina, alipewa ufadhili wa kusomea tiba ya jadi ya nchi hiyo mjini Nanjing. Siyu, mji mkongwe uliotulia kando ya mikoko upande wa kaskazini wa kisiwa hicho, ukawa gumzo la waandishi na wanadiplomasia.

Kiini cha gumzo hilo kilikuwa simulizi la Wafamau, ukoo wa Siyu unaohusishwa na mabaharia wanaosemekana kuokoka chombo chao kilipovunjika karibu na Shanga. Shanga ni magofu yaliyo kusini mwa kisiwa hicho. Uchimbuzi ulioanza mwaka 1980 chini ya Mark Horton ulifukua humo misikiti ya tangu karne ya nane na vigae vya vyombo kutoka China. Vigae hivyo vinathibitisha biashara. Havithibitishi nasaba.

Hata hivyo, swali zito zaidi si la damu. Ni hili: undugu unaotajwa majukwaani unamsaidia nini mwananchi wa Pate pale mgeni anapokuja kufanya biashara mlangoni pake?

Jibu la kwanza lilitoka mahakamani. Mwezi Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, akiwa pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, alizindua mradi wa LAPSSET wa kuunganisha nchi hizo na bandari mpya ya Lamu. Kazi ya kujenga gati tatu za mwanzo ilipewa kampuni ya Kichina ya China Communications Construction Company, kwa gharama ya karibu dola milioni 480 za Marekani. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Mwaka huohuo wa uzinduzi, wakazi wa Lamu walifungua kesi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo haki ya mazingira safi, haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni wao. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Fidia hiyo haikuja kwa wepesi, kwani uamuzi huo ulifuatwa na rufaa na mazungumzo marefu.

Ikumbukwe kwamba lawama za mahakama hazikumwangukia mgeni wa mbali. Waliotakiwa kujibu ni wakuu wa serikali na mashirika yake. Tofauti ya utamaduni iliyokosa kutunzwa Lamu, kwa hiyo, haikuwa baina ya Mchina na Mkenya peke yake. Ilikuwa pia baina ya ofisi ya Nairobi, inayoiona bahari kama eneo tupu kwenye ramani, na mvuvi anayeijua kwa miamba yake, mikondo yake na majira ya kusi na kaskazi.

Kosa hilo lilijirudia. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza mizozo ya mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari kukamilika. Mradi mkubwa ukakwama kwa jambo ambalo wenye haraka huliona dogo: kumuuliza mwenyeji, na kumuuliza kwa namna atakayoielewa.

Wataalamu wa uongozi wa makampuni wamejaribu kwa miaka mingi kuzipima tofauti hizi. Mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM kulinganisha tamaduni za mataifa. Kazi yake ilifungua macho ya wengi na bado inafundishwa vyuoni. Lakini katika jedwali zake zilizofuata, Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilitiwa katika kapu moja lililoitwa Afrika Mashariki. Meneja anayetua Lamu na jedwali la namna hiyo mkononi hana habari ya mvuvi wa Siyu. Hata mtu wa Lamu mjini na mtu wa Pate hatawatofautisha.

Siyu yenyewe ina historia iliyo bora kuliko jedwali hilo. Katika karne za 18 na 19 mji huo ulikuwa na Waswahili, Wafamau, Wabajuni na Wasomali. Ulisifika kwa wanazuoni, mafundi wa ngozi, maseremala na waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Karatasi ilitoka ng'ambo, hati ilikuwa ya Kiarabu, nakshi zikawa za Siyu. Watu hao waliungana pia katika vita: miaka ya 1840, chini ya Bwana Mataka, waliyashinda majeshi ya Seyyid Said wa Zanzibar.

Hapakuwa na muujiza. Mgeni alipokelewa, akaoa au akaolewa, akajifunza lugha, akaingia katika kazi na madarasa ya mji. Naye mwenyeji alichukua kwa mgeni kilichomfaa. Wahenga walikwisha kulisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya jembe hilo si kazi tu. Ni kuingizwa katika utaratibu wa nyumba.

China haiwezi kudai kuwa haiujui utaratibu huo. Idhaa ya Kiswahili ya redio yake ilianza kutangaza kutoka Peking mwaka 1961. Mwaka 2005, ule ule wa ufadhili wa Nanjing, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kufundisha Kichina. Taifa linalothamini lugha kiasi hicho redioni na vyuoni halishindwi kuitumia penye mashine na vibarua. Kenya nayo, ambayo Katiba yake ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, haina udhuru wa kumpelekea mvuvi ripoti nene ya Kiingereza.

Yanayohitajika yanafahamika. Ripoti za athari zitolewe kwa Kiswahili na kusomwa barazani kabla ya mkataba kutiwa saini. Zamu za kazi zipangwe kwa kujua sala ya Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Ufadhili wa masomo nao usiwe zawadi ya sherehe. Uendane na kazi zinazokuja, kuanzia unahodha na ufundi wa mitambo hadi elimu ya viumbe wa bahari, na uwe na njia ya kumrudisha kijana nyumbani akiwa na nafasi ya kutumia alichojifunza. Aidha, wageni nao wafundishwe. Mhandisi atakayekaa Lamu miaka mitatu anastahili mwezi mmoja wa kujifunza lugha na desturi za watu atakaoishi nao.

Ufadhili wa mwaka 2005 ulimfikia mtoto mmoja wa visiwa hivyo. Mradi wa bandari uligusa riziki ya maelfu, nao hawakuulizwa. Hadithi ya meli iliyovunjika Shanga itaendelea kupendeza masikio, iwe kweli au la. Lakini uhusiano wa biashara haujengwi juu ya babu anayedhaniwa kuwa wa pamoja. Hujengwa juu ya makubaliano ambayo kila upande umeyasoma, ukayaelewa, na ukawa na uhuru wa kuyakataa.