Pelmeti bila kuziba ziwa

Mwezi huu tunapanda juu ya dirisha, kwenye pelmeti. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunaona ubao umevishwa velveti nyekundu, mikunjo ya nusu duara na nyuzi za dhahabu zinaning'inia. Inapendeza, sibishi. Ila kwa sisi wa Mwanza ina kesi zake.

Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, na hiyo ndiyo feni yetu ya bure. Velveti yenye bitana inaupunguza. Halafu kuna wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi, hasa siku za mwezi kuandama. Wanafuata taa, wanaingia, wanakufa, na juu ya ubao ndipo wanapolundikana pamoja na vumbi. Ubao haufuliwi, jamani!

Shoga yangu mmoja wa Kitangiri, mwaka wa pili kwenye ndoa, amepokea mchezo na anataka zote ziishie kwenye pelmeti za aina hiyo. Shemeji kagoma. Anasema alihangaika kupata nyumba ya kupanga inayoona ziwa, leo afungwe macho na mapambo ya ukumbi wa harusi? Siku tatu wanaongea kupitia mtoto wa dada.

Mimi sikumpa shemeji ushindi wote. Mama mkwe akija, macho yake yanaanzia sebuleni, na fimbo yenye pete nje nje ni kama shimizi kuchungulia chini ya gauni. Anayesemwa ni mke, si mume. Na pesa ya mchezo ni ya aliyeucheza. Lakini nyumba ni ya mwenye nyumba. Mkihama, ubao uliokatwa kwa dirisha la futi 6 utaupeleka wapi?

Nilichomshauri ni pelmeti ya kitambaa tu, yenye mfuko wa kupitisha fimbo. Siri iko kwenye kupandisha. Fimbo ikikaa inchi 10 juu ya fremu, pelmeti ya inchi 12 inafunika ukuta, na kioo kinapoteza inchi 2 tu. Shemeji anabaki na ziwa lake, na dari inaonekana imeinuka. Fimbo ipite fremu kila upande, ili pazia likivutwa likae ukutani. Mwambie fundi aje na drili ya maana, maana hapo juu kuna lenta ya zege.

Kitambaa? Tunalima pamba Usukumani halafu tunapanga foleni kununua polista ya China, haya bwana. Mimi napendekeza kitenge cha pamba. Kipande cha yadi 6 kina upana wa inchi 45 hivi. Kikate kwa urefu mara tatu, upate mikanda mitatu ya inchi 15. Inchi 3 zinaliwa na mfuko na pindo. Ukiiunga una futi 54. Dirisha la futi 5 linataka futi 12 ili marinda yajae, kwa hiyo kitenge kimoja kinavisha madirisha manne na mabaki ya mto wa kochi. Kifue kwanza kabla ya kukata, kisije kikaruka baadaye. Wadudu wakija, unachomoa fimbo, unakung'utia nje, unaloweka.